Tuanze na Kiraka, Ndipo Tufundishe Mfumo

Katika vyuo vyetu vya ualimu limezuka swali ambalo, ingawa laonekana dogo, lagusa msingi wa namna tunavyofundisha somo la kompyuta. Swali lenyewe ni hili: mwanachuo anapofika katika mada ya kutunza matoleo ya programu, aanze kufundishwa kitu gani? Wakufunzi wengi huanza na mfumo mmoja, aghalabu Git, wakamwonyesha mwanachuo amri zake moja baada ya nyingine hadi azikariri. Sisi twaona kwamba mpango huo waanzia mwisho. Twapendekeza mwanachuo aanze na kiraka, yaani maandishi mafupi yanayoeleza badiliko moja la programu, na ajifunze kukipeleka kiraka hicho kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, kabla hajazoea mfumo wowote kama kwamba ndio pekee uliopo duniani.

Maana ya mfumo na maana ya kiraka

Kwa ajili ya wasomaji wasiofundisha somo hili, yafaa tueleze jambo lenyewe kwa ufupi. Programu ya kompyuta huandikwa kwa mistari ya maandishi, na maandishi hayo hubadilishwa mara kwa mara na watu wengi. Mfumo wa kutunza matoleo ni kama daftari kubwa ambamo kila badiliko huandikwa: nani kalifanya, lini, na kwa sababu gani. Madaftari hayo si ya aina moja. Subversion huweka daftari moja tu katika kompyuta kuu, na kila badiliko hupewa namba kwa mfuatano: la 56, la 57, la 58. Git na Mercurial humpa kila mfanyakazi nakala nzima ya daftari, na badiliko halitambuliwi kwa namba ya foleni bali kwa mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu unaotokana na maandishi yenyewe. Kwa hiyo mtu wa Subversion akimwambia mtu wa Git, "Chukua badiliko la 57," amesema neno lisilo na maana katika daftari la mwenzake.

Wanachuo wetu hulielewa jambo hili upesi tukiwapa mfano wa karibu. Hapa Kolandoto pana hospitali iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1913. Mgonjwa anayeletwa hapo kutoka zahanati ya kijijini huwa na kadi yenye namba ya zahanati, lakini namba hiyo haimwambii daktari wa hospitali jambo lolote, kwani hospitali ina rejesta yake. Kinachovuka kutoka mahali hapa hadi pale ni barua ya rufaa: jina la mgonjwa, dalili alizokuwa nazo, dawa aliyokwisha pewa, na sababu ya kumpeleka. Barua iliyoandikwa vizuri husomeka popote, hata kama rejesta mbili hazifanani kabisa. Kiraka ndicho barua ya rufaa ya programu.

Tuchukue mfano wa programu ndogo ya kupata wastani wa alama za darasa. Aliyeiandika alidhani kila darasa lina wanafunzi 40, na dhana hiyo akaiweka ndani ya programu. Mwalimu wa darasa lenye wanafunzi 90 akairekebisha. Kiraka chake chaweza kuandikwa hivi:

  jumla = jumla + alama
  idadi = idadi + 1
  rudia hadi orodha iishe
- wastani = jumla / 40
+ wastani = jumla / idadi
  andika darasa
  andika jumla
  andika wastani

Mstari wenye alama ya kutoa umeondolewa. Wenye alama ya kujumlisha umeongezwa. Mistari mitatu ya juu na mitatu ya chini haikuguswa. Imewekwa ili anayepokea atambue mahali hasa pa kufanyia badiliko, hata kama katika nakala yake mistari imesogea juu au chini. Hayo ndiyo maarifa yote ya msingi, na mwanachuo aweza kuyapata kwa chaki na ubao.

Kiraka kina umri mkubwa kuliko mifumo ya leo

Historia yatuunga mkono. Programu iitwayo diff, inayolinganisha faili mbili na kuonyesha tofauti zao, ilitolewa mwaka 1974 pamoja na toleo la tano la Unix, katika maabara za Bell huko Marekani. Mwaka 1985 Larry Wall alitoa programu iitwayo patch, ambayo huzisoma tofauti hizo na kuzitia katika nakala nyingine. Ubora wa kazi ya Wall ulikuwa katika uvumilivu wake: nakala ya mpokeaji ikiwa imebadilika kidogo, programu yake hutafuta juu na chini mpaka ipate mistari inayofanana, na isipoipata huweka kando kipande kilichokataliwa ili binadamu akikague.

Tangu wakati huo mifumo imekuja na kupita. CVS ilitawala, kisha Subversion, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2000, ikaichukulia nafasi. Watengenezaji wa Linux walitumia BitKeeper tangu mwaka 2002. Ruhusa ya kuitumia bila malipo ilipoondolewa mwaka 2005, Linus Torvalds aliianzisha Git, na Matt Mackall akaianzisha Mercurial, wote wawili katika mwezi wa Aprili wa mwaka huo. Mwaka 2017 mradi wa lugha ya Python ulihama kutoka Mercurial kwenda Git. Mwaka 2020 huduma ya Bitbucket iliacha kuhifadhi madaftari ya Mercurial. Mwaka 2025 kivinjari cha Firefox nacho kilihamia Git. Mwanachuo aliyefundishwa amri za CVS peke yake alibaki mikono mitupu. Aliyefundishwa kusoma kiraka hakupotelewa na kitu, kwa kuwa kiraka cha leo kingali na mistari ile ile ya kutoa na kujumlisha.

Mambo yanayopotea njiani

Hatusemi kwamba kiraka huvuka bila taabu. Yako mambo yanayopotea njiani, na hayo hasa ndiyo yanayopaswa kufundishwa, kwa maana ndipo mwanachuo hutambua tofauti ya mifumo kwa akili yake mwenyewe badala ya kuambiwa.

La kwanza ni majina ya faili. Git huandika herufi a na mstari wa mkwaju mbele ya jina la faili la zamani, na herufi b mbele ya jina la faili jipya. Subversion haifanyi hivyo. Huandika jina tupu na kando yake namba ya toleo. Mpokeaji asiyejua jambo hili huambiwa na kompyuta yake kwamba faili halipo, ilhali lipo mbele ya macho yake. Dawa yake ni kuiagiza programu ya patch ikate ngazi moja ya jina, au isikate kitu.

La pili ni miisho ya mistari. Kompyuta za Windows humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, na zile za Linux kwa alama moja. Faili likipita katika kompyuta ya aina moja na kurudi katika ya aina nyingine, kiraka chaweza kudai kwamba mistari yote mia tatu imebadilika, hali badiliko la kweli ni la mstari mmoja. Katika vyumba vyetu vya kompyuta, ambamo mashine za msaada za kila namna hukaa bega kwa bega, tatizo hili halikosekani.

La tatu ni picha na faili nyingine zisizo maandishi. Kiraka cha kawaida husema tu kwamba faili hizo zatofautiana, kisha kikanyamaza. Git ina namna yake ya kuzifungasha ndani ya kiraka, lakini si kila mpokeaji aweza kuzifungua.

La nne, nasi twaliona kuwa kubwa kuliko yote, ni jina la aliyefanya kazi. Git hutenga nafasi mbili katika daftari lake: moja ya aliyeandika badiliko, na nyingine ya aliyelitia katika daftari. Subversion ina nafasi moja tu, nayo ni ya aliyelitia. Ikiwa mwalimu wa Kishapu ameandika kiraka na kukituma kwa mradi unaotumia Subversion, jina litakaloingia katika safu ya mwandishi ni la mpokeaji mwenye ufunguo wa kompyuta kuu. Jina la mwalimu litaonekana pale tu mpokeaji atakapojali kuliandika ndani ya maelezo. Vilevile, kiraka kilichotolewa kwa amri ya kawaida ya kulinganisha hakina jina, tarehe wala sababu. Kilichotolewa na Git kwa namna ya barua, au na Mercurial kwa amri yake ya kusafirisha, hubeba yote matatu. Mwanachuo asiyejua tofauti hii aweza kufanya kazi njema maisha yake yote, na pasipatikane mahali popote palipoandikwa kwamba aliifanya.

Kwa nini jambo hili latuhusu

Pengine msomaji atasema kwamba haya ni mambo ya watu wa mbali. Sivyo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Tazama basi daftari la OpenOffice lenyewe lilivyohama: wakati ule lilikuwa katika CVS, mwaka 2008 likaenda Subversion, kisha Mercurial. Mwaka 2010 ukoo uligawanyika, LibreOffice ikachukua njia yake na Git yake. Mwaka 2011 OpenOffice ikakabidhiwa Apache na kurudi Subversion, hadi ilipohamia Git mwaka 2019. Kwa miaka kadhaa ndugu hao wawili walitumia madaftari ya aina mbili, na sahihisho la mmoja lilipohitajika kwa mwenzake halikuwa na budi kuvukishwa. Kazi ya lugha yetu imo katika safari za namna hiyo.

Huko Eldoret nchini Kenya, mahitaji ya kliniki za mradi wa AMPATH yalichangia kuzaliwa kwa OpenMRS mwaka 2004, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ambao leo watumika katika nchi nyingi. Programu yake ilitunzwa kwanza katika Subversion, baadaye ikahamishiwa Git. Mfumo wa DHIS2, ambao Wizara ya Afya ya nchi yetu huutumia kukusanya takwimu za vituo vya tiba, uliratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na uliwahi kutunzwa katika Bazaar kabla ya kuhamia Git. Katika kila mfano watu wa Afrika Mashariki walikuwa watumiaji na watengenezaji pia, na katika kila mfano daftari lilibadilika chini ya miguu yao.

Sasa tufikirie shule moja ambayo mwalimu wake ameirekebisha programu ya alama tuliyoitaja. Amebadilisha mstari mmoja moja kwa moja katika kompyuta ya shule, akafurahi. Muhula ujao yaletwa nakala mpya kutoka kwa watengenezaji, nayo yaifuta nakala ya zamani pamoja na sahihisho lake. Wastani warudi kugawanywa kwa 40. Mwalimu aliyerekebisha amekwisha hamishwa, na aliyebaki hajui kwamba kosa liliwahi kuondolewa. Kama kungekuwa na kiraka, hata katika kikaratasi, sahihisho lingerudishwa kwa dakika tano. Na kama kiraka hicho kingepelekwa kwa watengenezaji, shule zote zingenufaika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba ufa uliozibwa na kuzibuliwa kila muhula ni sawa na usiozibwa.

Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulitaka elimu yetu imwandae kijana kuitumikia jamii yake kwa kazi na kwa fikra huru. Katika fani ya kompyuta, kujitegemea si kutengeneza kila kitu upya peke yetu. Ni kuweza kulirekebisha lile tunalolitumia, na kuweza kulirudisha sahihisho letu katika chanzo, kwa umbo ambalo mwenye chanzo hawezi kulikataa kwa kisingizio kwamba hakulielewa.

Namna ya kulifundisha somo

Tunapendekeza vipindi vinne. Viwili vya kwanza havihitaji umeme, bali ufaraguzi wa zana tu: karatasi ngumu, kalamu na gundi.

Katika kipindi cha kwanza, mkufunzi aligawe darasa katika makundi mawili na kulipa kila kundi programu ile ile ya mistari ishirini, kila mstari katika ukanda wake wa karatasi. Kundi la kwanza lifanye sahihisho moja na kuandika kiraka. Kundi la pili, bila kuambiwa lolote, liongeze mistari mitano mwanzoni mwa programu yake. Kisha kiraka kipelekwe. Wanachuo wataona wenyewe kwamba namba ya mstari imedanganya, na kwamba mistari ya jirani ndiyo iliyowaongoza. Mkufunzi asiwaeleze, awaulize.

Katika kipindi cha pili, kila kundi liwe na daftari la kanuni tofauti: moja liandike mabadiliko kwa namba za mfuatano na jina la karani tu, la pili liandike jina la mwandishi, jina la karani, tarehe na sababu. Viraka vivuke kwenda na kurudi mara tatu. Mwishoni mkufunzi aulize: sahihisho la kwanza lilikuwa la nani? Kundi la daftari la kwanza litakosa jibu, na somo la haki ya mwandishi litakuwa limeingia bila hotuba.

Katika kipindi cha tatu ndipo ziwashwe kompyuta. Kundi moja litumie Subversion, jingine Git, na viraka vichukuliwe kwa flashi. Kipindi cha nne kiwe cha makosa ya makusudi: majina ya faili yasiyolingana, miisho ya mistari iliyochanganywa, picha iliyosahauliwa. Wanachuo watambue kila kosa kwa kukisoma kiraka chenyewe kabla ya kugusa amri yoyote.

Katika kutahini, tusiulize amri za kukariri. Tumpe mwanachuo kiraka na faili ambalo halilingani nacho kikamilifu, tumwambie akitie kwa mkono, aeleze alivyoamua, na aandike sentensi mbili za sababu ambazo mtu wa nchi nyingine angezielewa. Jibu la namna hiyo haliwezi kunakiliwa kwa jirani.

Hoja za wanaopinga

Wenzetu wengine husema kwamba karibu dunia nzima sasa yatumia Git, hivyo kufundisha mifumo miwili ni kupoteza muda. Twakubali kwamba Git imeenea mno, na hatupingi mwanachuo kuihitimisha mada kwa kuijua vizuri. Lakini mwenye kujua mfumo mmoja tu hawezi kutofautisha lililo la mfumo na lililo la kazi yenyewe. Ni sawa na mtu anayedhani kwamba kila lugha lazima iwe na ngeli kwa kuwa Kiswahili kinazo. Zaidi ya hayo, hata ndani ya Git kiraka hakikufa: watengenezaji wa Linux wangali wakitumiana viraka kwa barua pepe.

Wengine husema kwamba ziko programu za kuunganisha mifumo, kama ile ya Git inayozungumza na Subversion, nazo hufanya kazi yote zenyewe. Ni kweli kwamba zipo, na mtu anayehamisha historia nzima ya mradi hana budi kuzitumia, kwa sababu kiraka kimoja hakiwezi kubeba historia ya miaka kumi. Hata hivyo, daraja likivunjika katikati, atakayevuka ni yule ajuaye kuogelea. Aidha, madaraja hayo huhitaji kulifikia daftari la upande wa pili kila yanapochukua au kupeleka mabadiliko, ilhali kiraka cha mistari minane ni kidogo kiasi cha kuweza kutumwa hata kwa ujumbe wa simu.

Wapo pia wanaohofia muda, wakisema muhtasari umekwisha jaa. Kwao twasema kwamba vipindi vinne tulivyovitaja havizidi vile vinavyotumika sasa kukariri amri, ambazo nyingi husahauliwa kabla ya mazoezi ya kufundisha hayajakwisha.

Tunayopendekeza

Kwa hiyo twawaomba wakufunzi wenzetu walifikirie jambo hili wanapoandaa azimio la kazi la muhula ujao. Mada ya kutunza matoleo ianze na kiraka kilichoandikwa kwa mkono. Kila zoezi la wanachuo lihusishe angalau mifumo miwili. Na kila kiraka kinachosahihishwa kinyimwe alama kamili kikikosa jina la mwandishi na sababu ya badiliko, hata kama programu inafanya kazi.

Wanachuo tunaowafundisha leo watapangwa Kahama, Bukombe, Meatu na kwingineko, katika shule ambazo hatuwezi kujua zitakuwa na kompyuta za aina gani, wala mfumo gani utakuwa umeenea miaka kumi ijayo. Tukiwapa mfumo peke yake, tumewapa chombo cha leo. Tukiwapa uwezo wa kuandika badiliko dogo, lililo wazi, lenye sababu na jina, watakuwa na kitu cha kukifundisha hata chombo cha leo kitakapokuwa kimesahauliwa.